Ndiva yenu hukauka siku gani?

Ndugu msomaji, kama kwenu ni Upareni huna haja ya kuelezwa ndiva ni nini. Lakini gazeti hili husomwa pia Tanga, Unguja na Kigoma, kwa hiyo tuwape ndugu zetu hao maelezo machache. Ndiva ni bwawa dogo la udongo ambalo Wapare wamekuwa wakilichimba kwenye miteremko ya milima yao tangu kabla ya kuja Mjerumani. Mfereji huchepua maji ya kijito kule juu na kuyaingiza humo usiku kucha. Asubuhi huzibuliwa tundu lililoko chini ya tuta, na maji yaliyokusanyika hutoka kwa nguvu kwenda mashambani kwa zamu. Kijito hicho kikiachwa kitiririke chenyewe mchana, maji yake hunywewa na udongo wa mfereji kabla hayajamfikia mkulima wa mwisho. Yakikusanywa kwanza, yanafika. Ni hesabu rahisi, lakini ndiyo iliyowalisha watu wa Vudee, Bangalala, Mwembe na vijiji vingine vya wilaya ya Same, ambako mvua ya tambarare ni haba na mahindi hayana subira.

Zamani ndiva ilikuwa ya ukoo, na ilikuwa na matambiko yake ambayo si mada yetu leo. Siku hizi nyingi zina kamati, mwenyekiti, daftari la zamu, na faini kwa asiyefika kwenye msaragambo, yaani ile kazi ya pamoja ya kuzoa tope na kusafisha mifereji. Baadhi zimepanuliwa na kujengewa mawe na saruji kwa msaada wa miradi. Wamekuja mabwana shamba, wakaja wahandisi, wakaja watafiti wa vyuo vikuu vya hapa na vya Ulaya, wakapima kina na mtiririko na kuandika vitabu. Anayekosekana mara nyingi kwenye shughuli zote hizo ni afisa afya. Hapo ndipo safu hii inapoingia, kwa sababu kwa maoni yangu kamati ya ndiva ni kamati ya afya ya kijiji, iwe inajua au haijui.

Tuanze na mbu. Mbu wa malaria hutaga kwenye maji yaliyotulia. Kutoka yai hadi mbu mwenye mabawa huchukua wiki moja hadi mbili hivi, na milimani kwenye baridi huchukua muda zaidi. Sasa itazame ndiva inayotumika kama wazee walivyoipanga: inajaa usiku, inamwagwa mchana, tope la chini linapigwa na jua. Viluwiluwi wa mbu hawapati hata siku tatu za utulivu. Wakizaliwa leo, kesho wamekwenda na maji kwenye mahindi, na huko hukauka. Sidhani kama wazee wale walikuwa wakifikiria malaria. Walikuwa wakifikiria njaa. Hata hivyo wametuachia chombo ambacho kikitumika sawasawa kinajisafisha chenyewe kila kukicha, bila dawa na bila gharama.

Balaa linaanza pale ndiva inapoacha kukauka. Tope likijaa, tundu huziba nusu na chini hubaki dimbwi lisilotoka. Majani huota pembezoni. Tuta likianza kuvuja, nje yake hutokea vidimbwi ambavyo hakuna mwenye zamu navyo. Ng'ombe na mbuzi wakija kunywa huacha nyayo, na kila unyayo huwa kibakuli cha maji. Ndugu msomaji, huyu mbu aitwaye Anopheles gambiae, mmoja wa waenezaji wakubwa wa malaria Afrika, hapendi sana maji makubwa yenye kina. Anapenda dimbwi dogo linalopigwa na jua. Unyayo wa ng'ombe unamtosha kabisa. Kwa hiyo mtu anayeitazama ndiva katikati na kusema maji ni masafi hayana kitu, anatazama mahali pasipo pake. Atazame kingo, na atazame nyuma ya tuta.

Kuna jambo jingine ambalo nadra kusikia likijadiliwa, nalo ni masika. Wakati wa kiangazi maji ya ndiva yanagombaniwa, hayabaki hata debe. Lakini mvua kubwa ikianza, mkulima hana shida na maji ya zamu. Tundu linazibwa, ndiva inajaa mpaka juu, na inaachwa hivyo kwa wiki nyingi. Huo ndio msimu mbu wanaposhamiri. Yaani ndiva inatunzwa vizuri wakati ambapo haina hatari, na inatelekezwa wakati ambapo hatari ni kubwa. Dawa ya hili haigharimu shilingi: mvua ikitosha, tundu liachwe wazi na maji ya mfereji yarudishwe kijitoni kabla hayajafika. Tena tuta la udongo litanusurika, maana matuta mengi hupasuka kwa kuelemewa na maji ya mvua.

Najua wapo watakaosema milimani hakuna malaria, hiyo ni shida ya watu wa Makanya na Hedaru kule chini. Ni kweli kwamba kadiri unavyopanda, malaria hupungua. Watafiti walioilinganisha miinuko ya Kilimanjaro, Upare na Usambara waliliona hilo waziwazi. Lakini kupungua si kutokuwapo, na mabwawa madogo yana tabia ya kuibadilisha hesabu hiyo. Mfano mzuri unatoka Tigray, kaskazini ya Ethiopia, nchi ya milima kama Upare. Huko yalijengwa mabwawa mengi madogo ya udongo ili wakulima wapate kumwagilia. Mwaka 1999 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanywa kwenye vijiji vya huko, vyote vikiwa juu ya mita 1,800. Watoto waliokaa ndani ya kilomita 3 kutoka kwenye bwawa waliugua malaria mara 7 zaidi ya wale waliokaa kilomita 8 hadi 10 mbali. Mara saba! Na aliyeongoza utafiti huo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, ndiye aliyekuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani tangu 2017. Hawakusema mabwawa yabomolewe. Walisema anayejenga bwawa na apange tangu mwanzo jinsi ya kuwalinda watu wanaokaa karibu nalo.

Upare wenyewe tuna historia katika jambo hili, na inasikitisha kwamba vijana wengi hawaijui. Kati ya 1954 na 1959 ulifanyika mradi mkubwa wa malaria ulioitwa Pare-Taveta, ukihusisha Upare ya Kusini na upande wa Taveta nchini Kenya. Nyumba zilipuliziwa dawa iitwayo dieldrini, mbu wakapungua sana, na malaria ikashuka sana. Kisha mradi ukafika mwisho wake. Upuliziaji ukakoma, na baada ya muda mbu wakarudi na malaria ikarudi. Dieldrini yenyewe leo ni katika sumu zilizopigwa marufuku kimataifa kwa Mkataba wa Stockholm wa 2001. Naitaja historia hii kwa sababu moja: dawa iliyokuja na gari iliondoka na gari, lakini ndiva zilibaki. Vyandarua tunavyogawiwa ni neema kubwa na kila mtu alale ndani yake. Hata hivyo, chandarua kinasubiri mbu aje. Jembe la msaragambo linamfuata kule anakozaliwa.

Nimekaa sana kwenye mbu. Ugonjwa ambao kwa hakika unanikosesha raha zaidi kuhusu maji haya ni kichocho.

Tanzania hutajwa kuwa ya pili barani Afrika, baada ya Nigeria, kwa wingi wa watu wenye kichocho. Aina zote mbili zipo nchini, cha kibofu na cha tumbo. Mzunguko wake ni huu. Mtu mwenye kichocho anakojoa au anajisaidia karibu na maji. Mayai yanaanguliwa majini, na kijidudu kinachotoka kina muda mfupi tu, kama siku moja, kumpata konokono wa aina yake. Akimpata, baada ya wiki kadhaa konokono huyo huanza kutoa vijidudu vingine kwa maelfu, na hivi ndivyo vinavyopenya ngozi ya mtoto anayeogelea, mama anayefua, mkulima anayezibua tundu akiwa amesimama majini hadi mapajani. Havihitaji kidonda. Ngozi nzima inapenywa. Zingatia hapa, ndugu msomaji: konokono hazaliwi na kichocho. Anakipata kwetu. Ndiva ambayo hakuna anayeikojolea, hata ikiwa na konokono, haina kichocho.

Na hapa ndipo mafundisho ya dini yetu yanapogusa jambo hili moja kwa moja. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira (r.a.), ambayo imo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama kisha akaoga humo humo. Katika hadithi nyingine iliyopokewa na Muadh (r.a.) aliwaonya watu wasijisaidie kwenye njia za maji, barabarani na kwenye vivuli. Njia za maji! Hiyo ndiyo mifereji yetu. Wanasayansi walikuja kuujua mzunguko wa konokono katika karne ya ishirini. Muislamu wa Kisiwani au wa Gonja hakuhitaji kuwasubiri.

Lakini tuseme ukweli. Tunaijua hadithi, tunaifundisha madrasa, na mashambani hakuna choo. Mkulima anapanda shambani alfajiri na kurudi jioni. Anapobanwa anakwenda wapi? Anakwenda kichakani, na kichaka mara nyingi kiko juu ya ndiva, kwa hiyo mvua ya kwanza inashusha kila kitu. Kumhubiria mtu huyu bila kumchimbia choo ni nusu ya kazi. Choo cha shimo chenye kibanda cha matete, upande wa chini wa ndiva na mbali na mfereji, kinaweza kuchimbwa na watu wachache kwa siku mbili. Nashangaa kuona mpango wa kukarabati ndiva wenye saruji, nondo na mawe, na hauna tundu moja la choo.

Akina mama nao wana fungu lao katika ugonjwa huu, na ni fungu la siri. Mayai ya kichocho cha kibofu hukwama pia kwenye njia ya uzazi na kwenye shingo ya kizazi. Mwanamke hupata vidonda, maumivu, kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa, na wengine hukosa kizazi. Vidonda hivyo huongeza pia uwezekano wa kuambukizwa VVU. Dalili hizi zinafanana na za magonjwa ya zinaa, na mara nyingi ndiyo matibabu anayopewa, ya zinaa, tena hayamsaidii. Fikiria nyumba ambayo mume ameambiwa mkewe ana ugonjwa wa zinaa. Talaka zinaweza kutoka kwa sababu ya konokono wa ndivani, na mama wa watu hajafanya kosa lolote ila kuzibua maji ya zamu yake. Mwanamke anayeshughulika na maji ya bwawa kila siku, akiwa na dalili hizi, amweleze daktari waziwazi kwamba yeye ni mkulima wa umwagiliaji, na aulizie kichocho.

Dawa ipo, prazikwanteli, na watoto wa shule hupewa katika kampeni za serikali. Inaua minyoo iliyokwisha kukomaa mwilini. Haizuii maambukizo mapya. Mtoto aliyemeza vidonge Jumatatu na kuogelea ndivani Jumamosi anaweza kuanza upya.

Lipo suala moja nililoulizwa mara nyingi na ambalo halina budi kuwekwa sawa. Watu husema: maji ya ndiva ni mengi kuliko qullatain, kwa hiyo ni twahara, tatizo liko wapi? Kwa madhehebu yetu ya Shafii, maji yakifikia qullatain, kiasi ambacho kwa makadirio ya wanavyuoni ni mamia machache ya lita, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi maadamu hayajabadilika rangi, harufu wala ladha. Na ndiva ni maelfu ya lita. Kwa upande wa fiqhi jibu ni sahihi, udhu unasihi na swala inasihi. Lakini utwahara ni hukumu ya ibada, na usalama wa mwili ni jambo jingine. Maji yanaweza kuwa twahara na yakakupa homa ya matumbo. Anayechukua udhu kwa maji ya ndiva na ayachote kwenye pipa, yakae siku mbili kamili yakiwa yamefunikwa na bila konokono ndani. Vijidudu vya kichocho havidumu zaidi ya muda huo nje ya mwili. Asiingize miguu bwawani, na maji ya kusukutua yawe yamechemshwa. Misikiti iliyo kandokando ya mifereji inaweza kuweka utaratibu huu kwa gharama ya mapipa mawili yanayopokezana.

Kuhusu kunywa sina maneno mengi. Maji ya ndiva hayanywewi bila kuchemshwa au kutiwa dawa ya klorini, na yenye tope yachujwe na kutuamishwa kwanza, maana klorini haifanyi kazi vizuri kwenye tope. Mradi wa maji ya bomba wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochukua maji yake Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Machi 2025, na kwa walio kwenye mtandao wake ni ukombozi. Lakini bomba halimfuati mtu shambani. Mwenye kiu saa saba mchana, kilomita mbili kutoka nyumbani, atakunywa kilicho karibu. Abebe galoni lake asubuhi.

Na hawa wanaosuuza mabomba ya kupulizia dawa ndivani? Sijui niwaambie nini. Dawa ya kuua wadudu wa nyanya na maharage inasuuzwa kwenye maji yatakayomwagilia mchicha wa jirani na kunyweshwa mbuzi wake. Hili si jambo la elimu ndogo, kila anayeshika bomba lile anajua ni sumu. Hapa nadhani kamati iache upole na itumie faini.

Yapo mapingamizi. Nilipolitaja wazo la siku moja ya ndiva kukauka kabisa kila wiki, mkulima mmoja wa mwisho wa mfereji alinijibu kwa hasira kidogo: siku hiyo itakuwa ni zamu ya nani? Ni swali la haki. Siku ya kukausha ikiangukia kila wiki kwa watu wale wale wa chini, basi afya ya kijiji itakuwa imelipiwa na maskini wake. Jibu langu ni kwamba kukausha si kuyapoteza maji. Ni kuyatoa yote mpaka tone la mwisho kwenye shamba la mwenye zamu, kisha kuliacha tope lipigwe na jua kwa saa chache kabla mfereji haujafunguliwa jioni. Pale ambapo dimbwi la chini halitoki kwa tundu, basi tundu liko juu mno au tope limezidi, na hilo ni tatizo la kilimo kabla halijawa la afya, kwa kuwa tope linakula nafasi ya maji. Mkulima wa mwisho ndiye atakayefaidika kuliko wote likizolewa. Nikiri pia kwamba konokono ni sugu: wengine hujichimbia topeni na kuishi wiki nyingi bila maji. Ndiyo maana kukausha peke yake hakutoshi. Tope lizolewe likatupwe mbali, na majani ya pembezoni yang'olewe, kwa sababu ndiko wanakokaa na kutaga.

Kanuni za haya yote zinaweza kuandikwa bila kusubiri Dodoma. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaruhusu watumia maji kuunda jumuiya yao yenye katiba, na Same iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ambayo kazi yake ni pamoja na kuzisajili. Katiba nyingi za namna hii huzungumzia zamu, ada na faini. Ziongezwe mistari michache: choo, marufuku ya kuogelea na kufua ndani, mahali pa kunyweshea mifugo nje ya tuta, uzio wa mkonge kuzuia watoto, tundu wazi wakati wa masika.

Msaragambo wa kabla ya vuli huitishwa mvua zikikaribia. Mwenyekiti akiandika majina safari hii, amwandike na afisa afya wa kata, na amwambie aje na buti.